Migomba Kati ya Nyumba Mbili

Bwenini, Tukuyu
6 Februari 1999

Shangazi yangu Atupakisye,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka dhumuni la barua litangulie, na Babu anataka mvua itangulie. Naanza na Babu kwa kuwa ndiye aliyenituma. Mvua huko nyumbani Ikuti hainyamazi, ukungu unakaa shambani mpaka karibu na mchana, na migomba inakufa.

Nasema ile migomba iliyo kati ya nyumba ya Babu, kule juu barabarani, na nyumba yetu kule chini. Mingine majani yanageuka njano na kuning'inia. Mingine inaanguka kwa upepo mdogo tu, mkungu ukiwa bado mchanga. Bwana shamba, ambaye siku hizi anahudumia kata tatu peke yake, alisimama barabarani akatazama, akasema tung'oe yote tuchome, kabla ugonjwa haujahamia kwa majirani. Babu akamjibu, "Nina binti anasomea magonjwa ya mimea Morogoro. Yeye akisema ng'oa, nitang'oa. Wewe hata viatu hukuvichafua." Bwana shamba alicheka. Babu hakucheka. Amewaahidi majirani kwamba watapata jibu kabla ya Pasaka, na jibu hilo ni lako.

Sasa dhumuni langu mimi. Shule yetu imepewa kompyuta na marafiki wa dayosisi walioko ng'ambo. Ni ya zamani, lakini Mwalimu Ezron anayetufundisha fizikia anaifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe, na Jumamosi ananiruhusu niikalie nikishamaliza kufagia chumba. Ulipotuandikia wakati wa Krismasi ulisema kwamba maelezo yako ya masomo unayaweka kwenye kompyuta, na kwamba yanashikana, ukigusa moja linakupeleka kwa jingine. Sikuelewa, lakini sijaacha kuyafikiria maneno hayo. Naomba unifundishe namna hiyo. Nitauliza habari za migomba nyumbani, nitaziandika, nitakutumia, nawe utaamua ukiwa na kitu mkononi.

Baba bado yuko Mufindi kwenye mashamba ya chai. Tangu kampuni iuzwe hawapewi likizo kama zamani. Mama anakusalimu.

Ni mimi binti yako,
Ikupa Hosea


Morogoro
17 Februari 1999

Ikupa mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye banda la miche, nikaisoma tena nimekaa. Siwezi kuja. Miche yangu ya majaribio haina mtu mwingine wa kuiangalia, na nikiiacha sasa nitarudia mwaka mzima. Kwa hiyo utakuwa macho yangu. Fanya kama nitakavyokueleza.

Usitumie ile programu kubwa ya kuandikia barua, inajaza disketi kwa mapambo. Washa mashine, andika EDIT, bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaona kioo cha bluu kitupu. Hapo ndipo pa kuandikia. Programu hiyo inahifadhi maneno tu, na maneno matupu yatasomeka kwenye mashine yoyote, yako na yangu.

Jambo moja, faili moja. Mtu akikuambia majani yanaanza kukauka pembeni, hilo ni faili. Akikuambia machipukizi yalitoka wapi, hilo ni faili jingine, hata kama amesema yote kwa pumzi moja. Lipe kila faili jina lisilozidi herufi nane; hiyo ni sheria ya mashine, si yangu. Juu kabisa andika nani amesema, na alikuwa amesimama wapi shambani. Chini kabisa andika, ndani ya mabano ya mraba, jina la kila faili jingine linalokubaliana nalo au linalogombana nalo. Hayo mabano ndiyo kazi yenyewe. Kuandika ni rahisi, Ikupa. Kufikiri kunaanza pale unapounganisha.

Kwenye disketi hii nimekuwekea programu ndogo niliyoitengeneza, inaitwa TAFUTA. Ukiandika TAFUTA, kisha jina la faili, itakuonyesha mafaili yote yanayolitaja jina hilo. Faili lisilotajwa na jingine lolote ni kama mgeni aliyekaa kanisani akatoka bila kusalimiwa. Mtafute, umsalimie.

Mwambie Babu nitampa jibu. Mwambie pia asitembee kwenye matope bila fimbo.

Shangazi yako,
Atupakisye


Bwenini, Tukuyu
6 Machi 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Disketi yako ilifika kavu, imefungwa vizuri kama ulivyoifunga. Jumamosi ya kwanza niliandika EDIT na kioo cha bluu kikatokea, nikakaa nikikitazama mpaka Mwalimu Ezron akauliza, "Unasubiri kianze chenyewe?" Kisha umeme ukakatika. Jumamosi iliyofuata nikawa nimeshajifunza kuhifadhi kila baada ya mistari michache.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Asubuhi nilitembea na Babu kuanzia juu, akinionyesha kwa fimbo. Alipomaliza akataka kuiona disketi. Aliitikisa karibu na sikio. Akanitania kama kawaida yake, "Mke wangu, umesema maneno yangu yataingia humu. Mbona kimya?" Nikamwambia bado hayajaingia. Akasema, "Basi usiniache nje na mvua hii."

Mchana nilikaa na Mama upande wa chini, akikata migomba iliyoanguka ili awape ng'ombe. Naye alinisimulia mengi, maana Mama akiwa na kisu mkononi anaongea kuliko akiwa amekaa. Tulipokuwa katikati ya maneno Babu akakohoa kule njiani, kile kikohozi chake cha kutujulisha kuwa anapita. Mama akakusanya kanga yake akaingia migombani, akanipa mgongo, akakaa kimya mpaka hatua za Babu zikaisha. Kisha akaendelea pale pale alipokuwa ameishia. Wasichana wa bweni kutoka mjini wananicheka nikiwaambia kwamba Mama hajawahi kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake tangu aolewe. Wanasema hayo ni ya kizamani, hata wachungaji hawayadai. Huwa nawajibu kwamba kwetu hakuna anayeyadai. Ni heshima tu, na tumeizoea.

Nimeandika yote. Maneno ya Babu nimeyaweka kwenye folda yake, na ya Mama kwenye folda yake. Mabano nimeyaweka, na TAFUTA inafanya kazi. Mwalimu Ezron ameangalia akasema ni kazi safi.

Nasubiri jibu lako. Kila jioni Babu anatoa kiti na kukiweka mahali anapoiona migomba yote. Ukumbuke kaburi la Bibi liko hapo juu pembeni.

Binti yako,
Ikupa


Morogoro
20 Machi 1999

Ikupa mwanangu,

Nimekaa na disketi yako siku mbili. Umeandika kwa uangalifu kuliko wanafunzi wengine niliokaa nao darasani, na nakusifu kwa hilo. Lakini nina lawama. Mafaili ya Babu yanatajana yenyewe kwa yenyewe, ya mama yako yenyewe kwa yenyewe, na kati ya mafungu hayo mawili hakuna hata bano moja. Nilijaribu TAFUTA kwa kila jina. Nadhani ulichoka ukaiacha kazi nusu. Nimechukulia kwamba wifi yangu alikuwa anasimulia migomba yake mwenyewe, ile aliyoipanda kaka Hosea kando ya mto. Hiyo tutaishughulikia baadaye.

Kwa ile ya Babu, jibu langu si zuri. Majani ya njano yanayoning'inia kama sketi, na shamba zima kudhoofika kutoka chini kwenda juu mpaka migomba kuanguka: huo ni mnyauko. Nimemwonyesha profesa wangu maelezo ya Babu, naye amesema vivyo hivyo. Ugonjwa huo unakaa ardhini miaka mingi. Hauna dawa, iwe ile ya ushirika ya zamani au hii ya madukani. Ng'oeni yote, mchome hapo hapo, na msipande mgomba tena mahali hapo.

Naandika hivi nikijua Bibi yako aliipanda baadhi kwa mikono yake. Mwambie Babu si mimi niliyetaka.

Atupakisye


Ikuti
30 Machi 1999

Kwa wifi yangu Atupakisye,

Salaam. Ikupa hajui ninachokuandikia, ingawa nitamwomba anifungie bahasha pamoja na yake. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utanivumilia.

Jibu lako tulilipata. Sina la kupinga, wewe ndiye uliyesoma. Wanaume wa jumuiya walikuja jana na mapanga na majembe, wakaanza kule juu. Nimepika ndizi za mbalaga kwa watu wote, wamekula, wameshukuru.

Ninaomba kitu kimoja. Migomba hii ikiisha, mlango wangu utatazamana na mlango wa Baba mkwe. Sitaweza kwenda jikoni, wala kuteka maji, wala kutoka asubuhi. Yeye naye hataweza kukaa nje, na nje ndiko anakokaa. Wakati Mama mkwe yuko hai alikuwa anatupelelezea njia, sasa hayupo, na Ikupa likizo ikiisha anarudi shule. Naomba uwaambie waache mstari mmoja tu, ule wa katikati. Hata kama ni mgonjwa. Ni ule ule ninakookota iliyoanguka nawapa ng'ombe, ambako ndiko kwenye wale wadudu niliomsimulia Ikupa. Ng'ombe wanaila na hawajaumwa.

Kama haiwezekani, tutahamisha mlango.

Mama Ikupa


Ikuti
30 Machi 1999

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani kwa likizo ya Pasaka, na mkono wangu si mzuri kwa sababu nina haraka. Kondakta wa basi la Morogoro amekubali kubeba bahasha, na basi halisubiri.

Jana walikata mistari miwili ya juu. Nilikwenda kuangalia ndani ya kila mgomba uliolala. Mama alikuwa ameniambia kwamba ile ya karibu na nyumba yetu ukiikata ndani ina rangi kama chai iliyokolea. Hii ya juu ndani ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, Shangazi. Ila kwenye shina, chini ya udongo, kulikuwa na mashimo kama yaliyotobolewa kwa msumari, na funza weupe wenye kichwa cha kahawia. Mama aliniambia habari za funza hao pia. Nililiandika. Liko kwenye disketi yako, faili linaitwa FUNZA, na hakuna faili la Babu linalolitaja.

Nilimwambia Babu tusubiri. Akasema, "Shangazi yako ameshasema, mke wangu. Mimi niliwaahidi watu." Wamepumzika leo kwa sababu kuna msiba Kawetele, lakini Alhamisi wanarudi.

Ulinilaumu kwamba sikuunganisha. Sikuchoka, wala Mama hakuwa anasimulia migomba ya mtoni. Ni hii hii. Babu anaiingia kutoka juu na Mama anaiingia kutoka chini, na hakuna anayevuka katikati asije akamkuta mwenzake. Nilianza kuunganisha. Niliandika maneno ya Babu, na chini yake nikaweka kwenye mabano jina la faili la Mama. Nikaona majina yao yamekaa kwenye kioo kimoja, yanatazamana. Nikaona aibu. Ilikuwa kama nimewakutanisha njiani na hakuna aliyekohoa. Nikafuta, nikatengeneza folda mbili, nikajiambia kwamba ni usafi.

Sasa nimeyasoma yote pamoja, kichwani, kwa kuwa mashine iko shule. Babu alisema machipukizi ya kisukari, zile ndizi tamu ndogo, yaliyo upande wa chini aliyaleta kutoka kwa rafiki yake Kawetele, mwaka kanisa lilipoezekwa. Mama anasema ni hiyo hiyo kisukari tu yenye rangi ya chai. Babu anasema ya juu inaanguka. Mama anasema inayoanguka ina funza. Naona ni magonjwa mawili. Lakini mimi ni wa kidato cha tatu. Nijibu upesi.

Ikupa


SIMU YA MAANDISHI
MOROGORO, 1 APRILI 1999
KWA MZEE AMBINDWILE, IKUTI, KUPITIA POSTA TUKUYU

SIMAMISHENI KUNG'OA. NILIKOSEA. BARUA YAJA. ATUPAKISYE


Morogoro
2 Aprili 1999

Ikupa mwanangu,

Natumaini simu imewahi. Nilipoipeleka, karani wa posta aliniuliza kama neno "nilikosea" ni la lazima, maana kila neno lina gharama yake. Nikamwambia aliache.

Ni magonjwa mawili, kama ulivyoona. Kisukari ya chini ina mnyauko. Hiyo ng'oeni mchome, na mahali hapo msirudishe kisukari. Ndizi zetu za kupika haziugui mnyauko huo. Zile za juu na za katikati zinaliwa na fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, ambaye ndiye mama wa funza hao. Huyo anakamatika. Chukueni migomba iliyokatwa, mpasue vipande, mvilaze kifudifudi kwenye udongo karibu na mashina. Fukusi watakuja kujificha chini yake. Asubuhi mnafunua, mnawaokota. Mkifanya hivyo bila kuchoka, na mkiondoa mashina yaliyooza, migomba itasimama.

Kuhusu mabano. Nilikulaumu kama mtu aliyezaliwa mahali pengine. Mimi nimekulia kwenye nyumba ile ya juu, nimekisikia kikohozi cha Baba tangu utotoni, na nilipoona mafungu mawili yasiyogusana nilifikiri ni uvivu. Nilikuwa nasoma mafaili, nikasahau watu. Nawe ulikuwa unaona watu, ukaogopa mafaili. Hatukuwa mbali sana sisi wawili.

Sitakuambia uiache heshima. Lakini maelezo si uso wa mtu, Ikupa. Maneno ya mama yako yanaweza kukaa karibu na ya Babu bila mama yako kumtazama. Bibi yako alifanya kazi hiyo maisha yake yote, akipeleka huku na kuleta huku, na hakuna aliyesema amekosa adabu. Yaunganishe. Kisha mwombe Mwalimu Ezron ayachapishe, umsomee Babu yote, na kila neno la mama yako useme kuwa ni la mama yako.

Na mwambie wifi mstari wake wa katikati utabaki. Asihamishe mlango.

Shangazi yako,
Atupakisye


Bwenini, Tukuyu
15 Mei 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu yako iliwahi, lakini si kwa kila kitu. Mjumbe wa posta alifika Ikuti wakati wanaume wako mstari wa tatu. Babu aliwaambia waweke mapanga chini. Waliweka. Mmoja akamtania, "Mzee, binti yako anang'oa na kupanda kwa simu?" Babu akamjibu, "Wako anafanya nini kwa simu?" Wakacheka wote, wakanywa togwa, wakashuka kuchoma kisukari ya chini.

Ile mistari iliyokwisha kukatwa ilikuwa na migomba ya Bibi, ya kando ya kaburi. Babu hakumlaumu mtu. Amechimbua machipukizi yaliyobaki, akayamenya mizizi ili kuondoa funza, na kuyapanda tena mwenyewe. Machache yameshika.

Fukusi tunawakamata. Asubuhi Babu anafunua vipande vya juu, na Mama anafunua vya chini, na kuku wa nyumba zote mbili wamejua saa ya kazi. Babu anasema kuku wake wamenenepa kuliko wa Mama, nami nimekatazwa kupeleka neno hilo.

Kuunganisha kulinichukua Jumamosi tatu. Safari ya kwanza nilipoandika jina la faili la Mama chini ya maneno ya Babu mkono ulinikataa tena. Nikakohoa kidogo, kisha nikaandika. Mwalimu Ezron akauliza kama nina mafua. Baada ya hapo niliandika tu. Nilipoita TAFUTA kwa jina FUNZA, majina ya mafaili ya Babu yalishuka kwenye kioo moja baada ya jingine, na nilijua kwamba mambo hayo yalikuwa yanahusiana siku zote, hata nilipokuwa sijaandika.

Sasa nikueleze Jumapili iliyopita.

Kwa kuwa juu pamekatwa na chini pamechomwa, upande wa mawio ya jua kuna uwazi. Ukisimama mlango wa jikoni kwetu unaona benchi la Babu. Mama hutokea upande mwingine, na Babu amegeuza benchi likatazama barabara. Baada ya ibada nilikaa karibu yake na karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni, nikamsomea. Kila mahali nilisema, "Hili ni lako Babu," au, "Hili ni la Mama." Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mama alikuwa nyuma ya ule mstari wa katikati, ametupa mgongo, anachambua maharage. Sikujua kama anasikia. Kuchambua kwake kulikuwa kwa polepole sana.

Nilipofika FUNZA, Babu akanisimamisha. "Huyo aliyewaona wadudu, aliwaona wapi kwanza?"

Nikaweka karatasi chini, nikainuka niende kuuliza, kama ninavyofanya siku zote.

"Ikupa," Mama akasema kutoka kule migombani, na hakuinua sauti wala kugeuka, "mwambie Babu niliwaona kwanza karibu na kaburi la Mama mkwe, nilipokwenda kulipalilia yeye hayupo, mwaka ule mkungu mkubwa ulipoanguka. Nilidhani anajua."

Nilikuwa nimesimama kati yao, Shangazi. Nikamgeukia Babu nianze kusema, nikaona hakuna haja. Alikuwa ameshafungua macho, anatazama barabara.

"Ikupa," akasema, "mwambie mama yako sikujua. Mwambie ana macho mazuri."

Nikamgeukia Mama. Alikuwa amesimamisha mikono juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

Wakaongea hivyo, kila mmoja akiniita mimi kwanza. Babu aliuliza tupande nini kwenye uwazi. Mama akasema, "Ikupa, mwambie Babu ndizi za kupika, lakini si kwa karibu sana, zipitishe upepo." Babu akasema, "Mwambie sawa." Mimi sikumwambia mtu kitu. Nilikaa chini, nikachukua kalamu.

Jumamosi hii nimeyaweka kwenye mashine, yote ndani ya faili moja, Babu na Mama, kwa kufuatana kama walivyosema. Nimeliita KATIKATI. Ni herufi nane, mashine imelikubali. Liko kwenye disketi hii. Ukiita TAFUTA kwa jina hilo utaona linatajwa na mafaili ya folda zote mbili. Juu, mahali pa kuandika kila msemaji alikuwa amesimama wapi, nimeandika: kila mtu mahali pake, na hakuna aliyekohoa.

Binti yako,
Ikupa Hosea